Lindo la Babu Walter

Ningesimuliwa haya na mwingine, ningemcheka. Lakini yalinipata mimi mwenyewe huko Katy, nje ya Houston, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tena mchana kweupe wa Agosti.

Nilikuwa nikimtunza nyumbani kwake mzee mmoja Mmarekani, nikimwita Babu Walter. Ujanani alipigana vita vya Korea wakati wa baridi kali, na uzeeni akili yake ilirudi hukohuko ikakaa. Kila siku alinipa habari za kambi. Ardhi imeganda, haichimbiki ila kwa taabu. Bunduki zimeganda mafuta, hazifyatuki. Makopo ya chakula wameyabana kwapani yayeyuke, na soksi mbichi wameziweka tumboni zikauke. Askari wawili kila shimo, mmoja alale, mwenzake ashike lindo. Na kila asubuhi alinipa neno la siri la siku hiyo. Akibisha mtu, nimuulize neno kwanza, asiyelijua asiingie. Nami nikiitikia tu, sawa babu. Ungefanya nini wewe? Mtu mzima humbishii.

Siku hiyo alikuwa mahututi. Binti yake, Linda, alikuwa njiani kutoka Dallas. Walikuwa wamekosana, hawakuonana miaka mingi, na mzee kila akifumbua macho alimuulizia. Nilikuwa na dua moja tu, amkute hai.

Alasiri mlango ukabishwa. Mimi mtu wa Mombasa, tangu lini nikamhoji mgeni mlangoni? Nilisema karibu, nikafungua, ndipo nikamwona.

Kijana mwenye koti zito la askari, barafu kwenye nyusi. Barafu, Houston, mwezi wa Agosti. Woga ulinipumbaza, mikono ikafanya ilichozoea: nikamkalisha, nikammiminia chai ya tangawizi. Akainywa yote. Nyumba ikapoa hadi pumzi yangu ikaonekana.

Babu akaniita chumbani, akauliza kama mgeni ametaja neno. Nikamwambia sikumuuliza. Akaomba viatu vyake. Wallahi, mtu aliyekuwa hawezi hata kugeuka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Akaniambia huyo ni mwenzake wa shimo moja. Zamu ya Walter ya kumpokea lindo ilipofika, amri ya kurudi nyuma ilikwisha kutoka, Walter akaondoka na wengine, na mwenzake akaachwa palepale akingoja hadi baridi ikamuua.

Kijana alikuwa keshasimama mlangoni mwa chumba.

"Nimechoka," akasema. "Anipokee."

Nililia, niamini. Lakini nikasimama kati yao.

"Umekunywa chai yangu," nikamwambia. "Huwezi kuondoka na mtu wangu. Mwache amwone mwanawe."

Akanitazama. "Lindo atashika nani?"

"Nitashika mimi."

Neno hilo lilinitoka bila kufikiri. Akaitika kwa kichwa, akatoka, na joto likarudi.

Linda alifika magharibi. Baba yake alimtambua, wakashikana mikono, wakaombana msamaha, na alfajiri mzee akafa usingizini. Linda alinishukuru sana. Sijamwambia lolote hadi leo.

Mimi je? Tangu hapo kila alasiri miguu yangu hufa ganzi. Vidole viwili vya mguu vimekatwa. Daktari aliniuliza nilitembea wapi kwenye theluji. Nikamwambia theluji sijapata kuikanyaga. Saa ile ikifika siwezi kuketi. Husimama mlangoni kwangu hapa Stafford, karibu na Houston, hadi jua litue, mume wangu akiona haya kwa majirani.

Basi wewe unayetunza wazee, mzee akikwambia uulize kabla ya kufungua, uliza. Heri uitwe huna adabu. Na siku ukipita Stafford ukanikuta mlangoni natetemeka juani, nisalimie tu uende zako. Usiniulize kama nimechoka. Nimechoka, na nitakuomba unipokee.