Kumi na Tatu

"Mutoto yangu alikuwa anasema wakati mulimukuta?"

Mama yule aliniuliza mimi, kwenye korido ya hospitali, na macho yake hayakutoka usoni mwangu. 

Nilikuwa muuguzi mpya wa ambulansi, nimetoka chuo kikuu na desturi ya kuhoji kila kitu. Muuguzi mkuu wa zamu, niliyemwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alinifundisha kazi, aliniita Mademoiselle Pourquoi, Binti Kwa Nini. Ndiye aliyeniambia nisiamini mshale wa chupa ya oksijeni: kila asubuhi ifungue, sikia hewa ikitoka, ndipo utie sahihi kwenye daftari. Niliwahoji maprofesa wangu wote. Yeye sikumhoji.

Siku hiyo aliyetia sahihi kwenye daftari alikuwa yeye.

Saa nne asubuhi tuliitwa mtaa wa Bel-Air. Lori lilikuwa limegonga pikipiki, na abiria alikuwa amelala kando ya barabara, damu ikimtoka sikioni. Watu walipiga kelele: "Leta mayi! Mumukalishe!"

"Mayi mupikie bukari," yaya akawajibu, kama anayewatuma wakasonge ugali. "Mumuache alale."

Wakacheka, wakasogea. Nilishika kichwa cha kijana kwa mikono miwili, yaya akamfunga kola ya shingo. Nilipomwita alifumbua macho.

"Kichwa inaniuma, dada. Hapa ni kwetu?"

Nikamwomba anibane vidole, akanibana. Kwenye kipimo chetu cha fahamu, kinachoanzia tatu na kuishia kumi na tano, nilimpa kumi na tatu. Nikaandika 13 kwenye fomu, nikatia sahihi.

Njiani alianza kukoroma. Mboni ya jicho moja ikapanuka. Yaya alifungua chupa ya oksijeni, na hakikutoka kitu. Nilimtazama, akajifanya anatafuta bomba jingine. Nikabana mfuko wa kupulizia kwa mkono hadi hospitali, nikimpa hewa hiyohiyo ya vumbi tuliyokuwa tunaivuta sisi.

"Uliifungua asubuhi?" nilimuuliza yaya tulipokwisha kumkabidhi kijana kwa madaktari.

"Mademoiselle Pourquoi, leo funga kinywa. Unataka tufungwe wote?"

Ndipo mama alipofika na swali lake. Yaya alijibu badala yangu, kwa ile sauti ya upole aliyonifundisha kuitumia na ndugu za wagonjwa.

"Apana, mama. Tulimukuta tayari hasemi."

Mama aliendelea kunitazama mimi. Niliangalia viatu vyangu. Akasema "Aksanti," akaenda kuketi kwenye benchi.

Kijana alifariki kesho yake. Nilipoiona tena fomu, moja iliyotangulia tatu ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe, vizuri sana, kwa mkono usiotetemeka. Kwa karatasi ile, tulimwokota mtu ambaye tayari alikuwa kama maiti, kwa hiyo hakuna kilichoharibika mikononi mwetu. Na sahihi ya chini ilikuwa yangu.

Niliacha kazi mwezi huo. Sikumweleza mtu kwa nini.

Mwaka uliofuata, mwanamke anayeuza makaa kwenye barabara ile alinitambua. Aliniambia kwamba siku ya ajali alichukua simu ya kijana, akampigia mama yake, akamshikia sikioni. Mama na mwanawe walizungumza hadi ambulansi yetu iliposimama.