Ufa wa Chumba cha Mama

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatatu moja nikiwa juu ya jukwaa la miti, napiga lipu ukuta wa mtu. Alisema anakuja Kolwezi na kamera ya shule. Amepewa kwa siku tatu tu, kisha irudi Lubumbashi kwa wenzake wanaoingojea. Katika siku hizo tatu ilibidi apige picha zote za filamu yake ya mwisho, ile ambayo bila hiyo hapati lisansi, digrii yake.

"Filamu juu ya nini?" nikamuuliza.

"Juu ya nyumba yetu, yaya."

"Nyumba yetu iko na nini ya kuonesha?"

"Iko na weye."

Lipu ilikuwa inakauka kwenye karai na mwenye nyumba alikuwa chini ananiangalia. Nikamwambia aje.

Sisi ni wanne, na mimi ndiye wa kwanza, ndiyo maana ananiita yaya, kaka mkubwa. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hatujamaliza kuwashukuru waliotusaidia kumzika baba. Nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Jumatano moja nilitoka darasani wakati wa mapumziko, sikurudi tena, na hakuna aliyekuja kuuliza. Wadogo zangu wawili wa kiume walikua wakaenda zao: mmoja yuko kwenye mgodi wa Mashamba na wachimbaji wenzake, mwingine alienda Musumba, kijijini kwa ndugu za baba, analima mihogo. Aliyebaki nami hapa mtaa wa Kasulo ni huyu wa mwisho, msichana, pamoja na madaftari yake.

Alipomaliza sekondari alisema anataka kusoma kutengeneza filamu. Mtaani kwetu watu wanaelewa uuguzi, ualimu, sheria. Sinema ilinipa kazi ya kueleza. Mama jirani yetu, ambaye tumegawana naye bomba la maji tangu zamani, aliniuliza kama mtoto atakuwa anacheza ndani ya hizo filamu.

"Hapana, mama. Anajifunza kuzitengeneza."

"Miaka yote ile? Ya kujifunza kufinya kidude?"

Mimi pia sikuelewa. Lakini mtu akianza kujenga ukuta hasimami kwenye madirisha akasema inatosha. Nikaendelea kulipa karo. Likizoni alikuwa akirudi na kunituma nitembee kutoka mlangoni mpaka kwenye bomba, nirudi, niende tena, huku ananifuata na simu yake. Mara nyingine ilikuwa mara sita, nimetoka kazini na simenti bado iko kwenye nyusi. Alisema mwalimu wao anafundisha hivi: mikono kwanza, maneno baadaye. Nilimwambia hata kwetu sisi waashi ni hivyo hivyo, nikaenda mara ya saba.

Walifika wawili. Mwenzake alikuwa msichana mrefu, ndiye aliyeshika kamera. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi kwenye mgodi, na familia yao bado inakaa hapa Kolwezi katika nyumba za zamani za wafanyakazi. Walipanga kulala huko kwa shangazi yake, kwa sababu umeme wao ni wa kuaminika na betri zingejaa. Wa kwetu huja kama mgeni asiyependa kukaa.

"Mwoyo, tata," msichana akanisalimia kama anavyosalimiwa baba, akiinama kidogo.

"Mi siko tata ya mutu. Niite yaya."

"Na hizi mvi, yaya?"

"Ni chokaa."

Alicheka, akaanza kufungua miguu mitatu ya kamera.

Siku ya kwanza hawakuniuliza chochote. Walipiga picha ukuta wa chumba cha mama. Ukuta ule ulikuwa na ufa. Ulianzia chini, kiasi cha kiganja kutoka sakafuni, ukapanda mpaka chini ya dirisha, na hapo ukagawanyika mara mbili kama panda la manati. Lori zito likipita barabarani, punje za mchanga zilianguka kutoka ndani yake. Walikaa karibu saa nzima wakingoja jua lifike pale walipotaka. Kisha wakaweka kinasa sauti sakafuni, wakaniambia nisipumue kwa nguvu, wakangoja lori lipite. Niliona watu wawili wazima wamechuchumaa kusikiliza mchanga ukianguka. Nikafikiri juu ya miaka ile yote ya karo.

Walipokuwa wanafunga mizigo yao, mdogo wangu aliniambia, "Kesho utasimama hapa, pembeni ya ufa. Nitakuuliza, utaelezea. Na yaya, usiguse kitu. Biache hivi hivi."

"Sitagusa."

Na kweli sikugusa. Vikombe niliviacha mezani kama walivyoviona. Kiti sikukisogeza. Kitambaa kilichokunjamana kwenye kochi kiliniudhi, lakini nilikiacha.

Jua lilikuwa bado liko juu walipoondoka. Nikakaa kitandani nikitazama ukuta. Nimepiga lipu nyumba za watu kwa miaka mingi. Kuna wanaonipigia simu kutoka ng'ambo nyingine ya mji kwa sababu pembe zangu zimenyooka. Na sasa kesho nitasimama na shati langu karibu na ufa wa nyumba yangu mwenyewe, na walimu wa Lubumbashi watakaa kwenye viti vyao waseme, kumbe huyu ndiye mwashi. Wanasema mfinyanzi hulia gaeni. Sawa, lakini hakuna anayemwita mfinyanzi akapigwe picha na gae lake mkononi.

Nilikuwa na nusu mfuko wa simenti uani. Aliniambia nisiguse kitu, lakini kwangu mimi ufa haukuwa kitu. Ulikuwa kosa, na wageni wanakuja. Niliuchokonoa, nikaumwagia maji, nikaujaza, nikapiga lipu, nikasawazisha kwa ubao, halafu nikapaka chokaa ukuta mzima ili kiraka kisionekane. Giza lilipoingia nilikuwa nanawa mikono. Nililala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Asubuhi nilivaa koti. Walipoingia, mdogo wangu alipita moja kwa moja mpaka chumba cha mama, na mimi nikabaki sebuleni nikingoja aseme kitu. Mwenzake ndiye aliyetoa kichwa mlangoni.

"Yaya, ufa uko wapi?"

"Nimeuziba."

Akautazama tena ukuta. "Kazi ni safi," alisema polepole. "Kwetu kuna choo kinachotaka lipu, ukipata nafasi."

Mdogo wangu alitoka, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Alinieleza bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Picha za jana zina ufa. Za leo zitakuwa na ukuta mweupe. Mtu akiziona zimefuatana atadhani ni nyumba mbili, au atadhani tunamdanganya. Filamu nzima aliipanga juu ya ufa ule: unauona, unausikia, halafu kaka anasimama kando yake na kueleza. Siku ya tatu ni ya safari: kamera inarudi kesho na basi la asubuhi. Hakuna siku nyingine, na walimu hawapokei filamu nusu.

"Kwa hiyo lisansi?" nikauliza.

"Kwa hiyo hakuna."

Mama jirani alikuwa kwenye bomba na ndoo yake. Alisikia yote. "Mi nilisema," akasema, akiiambia ndoo, si sisi. "Sasa ukuta umepona, wanalia."

Nilisimama pale na koti langu. Kuna uchovu unaotoka kwenye mgongo, ule ninaujua, unalala nao na asubuhi umepungua. Ule wa siku ile ulikuwa mwingine. Ulianza darasani, Jumatano ile, na nilikuwa nimeubeba mpaka pale nikidhani karibu nitautua, na ni mimi mwenyewe niliyejikwaa.

"Naweza kuufungua tena," nikasema.

Msichana wa kamera akatikisa kichwa. "Ufa mupya hautafanana na ule."

"Huu ufa naujua."

Nilivua koti nikalitundika kwenye msumari wa mlango. Nikachukua nyundo na tindo, nikapiga magoti penye ukuta, kiasi cha kiganja kutoka sakafuni. Lipu ya jana ilikuwa haijakaza vizuri. Ilianguka vipande vipande, na nyuma yake ufa ulikuwa unaningoja. Nilisikia miguu ya kamera ikiburutwa. Sikugeuka. Nilikuwa na kazi.

Nilipofika usawa wa goti, mdogo wangu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Yaya, siku ile ulianza kuchimba wapi?"

Mtaani kwetu watu wengi walichimba ndani ya nyumba zao. Madini yalikuwa chini ya vitanda vyetu, na njaa ilikuwa juu yake. Kila mtu anajua. Lakini mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza hata siku moja. Alikuwa mdogo, na shimo lilikuwa katika chumba ambacho mama alifia.

"Palipokuwa na kitanda cha mama," nikasema. Niliendelea kupiga. "Ulikuwa umeenda shule."

"Uliwaza nini?"

"Niliwaza kitanda. Kilikuwa hakipiti mlangoni, miguu ilizuia. Nikaikata na msumeno."

Nikageuza tindo, nikapiga upande wa pili.

"Jioni uliniuliza kwa nini kitanda kimekuwa kifupi. Nikakuambia kimezeeka."

"Nakumbuka," alisema. "Niliamini."

"Ulikuwa unaamini kila kitu."

Nikapuliza vumbi ndani ya ufa. Nilimweleza jinsi nilivyoshuka, jinsi nilivyotandika turubai juu ya shimo ili asitumbukie akiamka kwenda haja, na jinsi mgeni akija tulivyomkalisha upande wa pili. Nilimweleza nililijaza lini, mwaka ule alipomaliza shule ya msingi, kwa mchanga niliousukuma na toroli ya kuazima. Nilidhani nimeshindilia vya kutosha. Mvua mbili baadaye udongo ulishuka, na ukuta ukafuata. Kama angenisimamisha pale na koti na kuniuliza, ningemwambia kwamba tunamshukuru Mungu. Lakini mikono ilikuwa na kazi, na mdomo ukabaki peke yake.

Nilipofika kwenye panda, chini ya dirisha, niliweka tindo chini. Ulikuwa ni ule ule. Msichana wa kamera alikuwa amejaa chokaa mpaka kwenye nyusi.

"Sasa na wewe una mvi," nikamwambia.

Kesho yake basi likaondoka na kamera. Miezi michache baadaye nilipanda mimi kwenda Lubumbashi kumwona akiitetea filamu yake mbele ya walimu. Nilitoka kazini moja kwa moja kwenda kituoni. Kule waliniweka kwenye kiti laini, safu ya nyuma, kisha wakazima taa.

Nitasema ukweli. Niliuona mwanzo: ukuta, jua, mchanga unaanguka. Kisha nililala.

Taa zilipowaka, mwalimu mmoja alikuwa anauliza kwa Kifaransa, na mdogo wangu amesimama mbele, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama kukariri mbele yangu. Nilielewa nusu. Mwalimu hakuamini. Alisema ukuta uliozibwa jioni na kupasuliwa asubuhi ni mchezo uliopangwa, na kazi hii iliandikishwa kuwa filamu ya ukweli. Kama ilipangwa, alisema, hawezi kuipitisha. Mdogo wangu alisema haikupangwa. Mwalimu akaniona nyuma kule, akanigeukia kwa Kiswahili.

"Tata, walikuambia uzibe ule ufa?"

Nikasimama. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi. "Hapana. Waliniambia nisiguse kitu."

"Basi kwa nini uliziba?"

"Wageni walikuwa wanakuja. Na mi ni mwashi."

Watu wachache walicheka. Yeye hakucheka. "Na kuupasua?"

"Nilikuwa nimeharibu kazi yake. Ukiharibu ukuta wa mtu, unautengeneza. Huu ulitengenezwa kwa kubomoa."

Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Walitoka wote, wakakaa muda mrefu, wakarudi. Walisoma jina lake kati ya waliopita. Alama za sauti zilikuwa chache.

"Ni weye, yaya," mwenzake akaniambia nje. "Ulikuwa unakoroma. Bale walimu ba mbele walidhani iko ndani ya filamu."

Mdogo wangu alinishika mkono, akaniuliza kama niliiona. Nikamwambia niliona mwanzo, na mwisho naujua. Akasema atanitumia. Nikamwambia asiharakishe.

Yeye amebaki Lubumbashi, anapiga picha za harusi huku akitafuta kazi nyingine. Mimi nimerudi kwenye majukwaa ya watu. Ufa ulibaki wazi msimu mzima, kwa sababu sikuwa na hakika kama shule imemalizana nao. Jumamosi iliyopita nilimpigia simu.

"Naweza kuziba sasa?"

Kulikuwa na muziki wa harusi nyuma yake.

"Ziba, yaya. Wameshanipa karatasi."

Nimeleta simenti na kuchota maji. Ndoo iko pale chini ya dirisha. Nimekaa kwanza kwenye kitanda cha mama, kile kifupi, nikipumzisha mgongo kabla sijaanza.