Taa Isiyotoa Moshi

Mama yangu haamini maji ambayo hajayaona yakitokota. Ukimwambia yamechemshwa kwa jirani, atakushukuru, atayapokea kwa mikono miwili, kisha atayachemsha tena. Nyumbani kwake Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, mafiga hayapoi, na jiko lake limejaa moshi kiasi kwamba ukiingia kumsalimu unatoka na macho mekundu kama mlevi. Miaka mingi nilimtania kwa hilo. Utani uliisha siku daktari wa Mbarara alipomsikiliza kifua, akasema moshi ndio unaommaliza, na asipouacha hatafika mbali.

Karibu na nyumba yake palikuwa pamefunguliwa bomba la maji yanayosafishwa kwa taa ya nguvu ya jua. Majirani waliyanywa palepale. Yeye alilipita na kidumu chake kama mlokole anayepita kilabu cha pombe.

"Taa inaonyesha tu njia," aliniambia. "Haiivishaka kitu."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, na tena nafanya kazi Ruti, pale pale Mbarara, kwenye kiwanda cha maji ya chupa, ambako taa ya aina hiyo naipita kila asubuhi. Lakini zilinishuka upesi, maana najua anachokiogopa. Kwetu Kivu ya Kusini, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina ubaya. Tulipokimbia vita, yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, alifanya hivyo njia nzima. Kila tulipofika kwenye maji alikunywa yeye kwanza, akajipapasa tumbo kwa mbwembwe kama mtu aliyetoka harusini, ndipo akatupa sisi wadogo. Kipindupindu kilimchukua kabla hatujavuka mpaka. Sisi tuliokunywa maji yaleyale tulipona, sababu anaijua Mungu. Tangu hapo Mama hajaacha kuchochea moto.

Basi alipolala kwangu baada ya kliniki, nilimwomba msimamizi ruhusa nikaenda naye kiwandani. Alijifunga kitenge kipya kana kwamba tunakwenda ibadani.

Fundi wetu, Mnyankore mmoja mpole, alianza kumwonyesha matangi ya mchanga na makaa. Alimweleza kwamba maji yenye tope hayapelekwi kwenye taa, kwa sababu kijidudu hujificha nyuma ya chembe ya tope kama mtoto nyuma ya nguo ya mama yake, na mwanga haumfikii. Hilo Mama alilielewa mara moja. Yeye pia huchuja kwa kitambaa kabla ya kuchemsha.

Kisha tukafika kwenye taa. Mtu angetegemea mtambo mkubwa wa kutisha, kumbe ni bomba la chuma lisilozidi urefu wa mkono wangu. Taa inawaka ndani, na maji yanapita yakiizunguka. Ubavuni kuna kitundu chenye kioo kinene, na Mama aliinama akachungulia.

Mimi mwenyewe sijauzoea mwanga ule. Ni wa samawati, umetulia, hauchezi kama moto. Na fundi anasema huo tunaouona sio unaofanya kazi. Wa kazi unaitwa urujuanimno, jina refu kuliko taa yenyewe, na jicho haliuoni kabisa. Ukiifungua taa ukaitazama bila kinga, itakuunguza macho. Ila maji hayapati hata uvuguvugu. Yanaingia baridi, yanatoka baridi, na kabla hujamaliza kusema amina yamekwisha kusafika. Kila nikiliwaza jambo hilo nashikwa na woga ule wa kanisani, watu wote wanaponyamaza kwa pamoja.

Mama aliweka kiganja juu ya bomba.

"Ni baridi," alisema. "Sasa vile vidudu inaviuaka namna gani?"

"Haipiki, mama," fundi alimjibu. "Inaharibu mbegu yake. Kadudu kakiingia kwa tumbo, hakawezi zaa tena."

Mama hakuuondoa mkono kwenye chuma.

"Kanakufa bila mutoto," alisema polepole. Alikuwa anakihurumia kijidudu! Nilitaka kucheka nikashindwa. "Mungu wangu. Kumbe mwangaza iko na kazi ya namna hii."

Fundi alifungua koki ya kuonjea, akajaza kikombe, akanipa. Nilikipeleka mdomoni ili nionje kwanza, kama desturi yetu inavyotaka. Mama alinidaka mkono.

"Hapana. Leta."

"Mama, mimi nakunywaka haya kila siku!"

"Ya kila siku sikuonaka. Leo niko hapa."

Alikunywa yote, macho ameyafumba. Siku nzima hakuniruhusu kuyagusa maji yale mbele yake. Jioni alikaa kizingitini kwangu, mkono tumboni, akijisikiliza. Nilitaka kumgombeza, kisha nikaelewa. Taa alikuwa ameistaajabia, lakini kuiamini alikuwa bado. Kama maji yale yalikuwa na uongo, alitaka yaanze na yeye.

Kesho yake asubuhi aliamka mzima. Alinijazia kikombe kutoka chupa niliyokuja nayo toka kiwandani.

"Sasa kunywa, mwana wangu."

Nilikunywa huku machozi yananitoka, naye akajifanya hayaoni.

Siku hizi anateka kwenye bomba la taa. Kidumu chake anakisugua kwa changarawe na sabuni, kwa sababu fundi alimwonya kwamba taa haifuatani na maji hadi nyumbani. Moto anawasha wa chakula tu, na anapikia nje. Kikohozi kimepungua. Lakini nikienda kumtembelea, kikombe cha kwanza hanipi. Hukinywa yeye, akangoja kidogo, akajipapasa tumbo kama alivyokuwa akifanya yaya, ndipo akanijazia changu.