Kiganja Chekundu cha Chanika

Nikisikia harufu ya manjano yakitwangwa, hata leo hapa Korogwe, narudi kwenye kizingiti cha duka la Bi Hansa, Mhindi wa dini ya Kijaini pale Chanika, Handeni, ambako mama alikuwa akifua na kupika. Sikusoma sana, huenda nachanganya, lakini kiangazi kile nakikumbuka. Siku za sikukuu zao Bi Hansa alipanga punje za mchele zikawa swastika, alama yao kama msalaba uliopinda ncha: mikono yake minne ni njia nne za kuzaliwa. Juu yake aliweka vitone vitatu, yaani imani, elimu na mwenendo mwema, na juu kabisa mwezi mwandamo, makao ya roho zilizokombolewa. Mlangoni alichora kiganja chekundu chenye gurudumu katikati.

Kiganja ndicho kilichotuponza. Mtoto wa jirani yetu, Mzee Shabani, alishikwa na degedege, mtaa ukasema Mhindi kapaka damu. Usilolijua ni usiku wa giza. Asubuhi Mzee Shabani akaja na shoka, watu nyuma yake.

"Toka mlangoni, Mama Rehema! Au nawe umelishwa?"

"Nimelishwa dengu, tena bila kitunguu, maana kwao ni mwiko," mama akajibu. Hakuna aliyecheka.

"Mzee Shabani," Bi Hansa akasema, "mkono huo unasema simama, fikiri kabla hujaumiza kiumbe. Sisi hata yai hatuli."

"Na damu hiyo?"

Mama akachovya kidole kwenye kibakuli cha rangi, akakilamba mbele yao. "Manjano na chokaa, kama ya tambuu; vikichanganywa huwa vyekundu. Na ile hirizi juu ya mlango wako, baba, nani aliwahi kuijia na shoka?"

Shoka likashuka polepole. Nisimwonee Mzee Shabani: mwanawe alikuwa mahututi, naye hakuwa amelala. Bi Hansa akachota maji, akakifuta kiganja kwa mkono wake, kisha akampakia mtoto garini hadi hospitali. Mtoto akapona. Mlango ukabaki mtupu mpaka Bi Hansa alipohama, na hakuna aliyemwambia achore tena, hata sisi tuliokula dengu yake.

Siku zile uvumi ulitembea kwa miguu, ungeweza kuuzuia mlangoni. Siku hizi unaingia kwa simu kabla chai haijachemka: fulani mchawi, fulani mwizi wa watoto, tuma kwa wengine. Kabla sijatuma, hugeuza kiganja changu nikakitazama. Mara nyingi simu naiweka chini.