Spika Iliyowasikiliza Wakwe

Kuna watu wakikumbuka aibu zao wanacheka mpaka machozi yanawatoka, na mimi kwa kawaida ni mmoja wao, maana nimewahi kuanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wa shule nzima, nikainuka na kuwapungia mkono kama mgeni rasmi. Lakini hii ya leo huwa naicheka nusu tu. Nusu ya pili mtaicheka ninyi, mkiweza.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, tulipokuwa tunaitana ndugu hata na mtu aliyekukanyaga sokoni, na mimi nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni ya ufundi redio pale Bukoba mjini (tulianza wengi, tukamaliza wachache, wengine walioa, wengine walilala darasani na nadhani hawajaamka). Cheti changu nilikitundika ukutani kwetu Ijuganyondo, juu kabisa, mgeni akitaka kukisoma apande kiti. Basi siku moja likaja gari la sinema, lile la serikali, kutuonyesha picha za kupanda kahawa kwa mistari. Watu walitazama picha, mimi nilitazama spika. Mle kwenye picha mzee mmoja alipiga jembe chini, na naapa lile jembe nililisikia tumboni, shati likatikisika, mbuzi wa jirani akakata kamba. Nikasema sauti hii lazima ihamie sebuleni kwetu.

Sasa sebule yenyewe. Ukikaa upande huu ukanyoosha miguu unamkanyaga aliyekaa upande ule, na paka akiingia inabidi mtu mmoja atoke. Humo ndimo nilipotaka kuweka sinema bila picha. Nikatafuta mbao nyembamba za masanduku ya chai, nikaunda makasha mawili, kila moja kama kabati la nguo za askofu, ndani nikashindilia majani makavu ya migomba ili sauti isipige mwangwi, mbele nikafunika kwa gunia la kahawa lililofuliwa. Spika moja nilimwomba Mzee Hemedi, jirani yetu, ambaye redio yake kubwa ilikuwa imeshakufa, na ya pili niliipata mjini ikiwa imechanika, nikaibandika kiraka cha kitambaa cha gome la mti. Ikawa na sauti ya mtu mwenye mafua, lakini mtu mzito. Amplifaya ilikuwa kuukuu, inakula betri ya gari, nayo redio yetu ndogo nikaiunganisha humo. Siku ya kwanza nilipoiwasha vumbi la dari lilishuka lote, nikatangaza mtaa mzima kwamba nimesikika mpaka Uganda.

Mama yangu, Ma Anastazia, alisimama mlangoni akiwa na ungo mkononi.

"Deo, baba," akasema, "haya makabati yatakaa wapi, na wageni watakaa wapi?"

"Wageni watakaa katikati ya sauti, Mama."

"Watakaa katikati ya ndoto zako," akasema, akaenda zake jikoni.

Wageni aliokuwa akiwasema ni wakwe. Nilikuwa nimempenda binti wa Ngenge, kule Muleba, anaitwa Kokugonza, nasi tukimwita Koku, mpole wa sauti na mkali wa maneno, na kwao walikuwa wameshapokea posa yetu. Kilichobaki ni wao kuja kuona binti yao atakaa wapi, na pamoja na watu gani, wakiridhika watoe neno. Neno hilo nililisubiri kwa namna ambayo nilikuwa siwezi kumeza ndizi bila kuhema. Na kwa akili yangu ya cheti, niliona neno litakalotolewa katikati ya muziki wa spika mbili haliwezi kuwa hapana.

Wakaja. Mbele alitangulia shangazi yake Koku, Ma Domitila, mama mnene mwenye macho yanayopima, nyuma yake baba mdogo Ta Protazi (Ta kwetu ni kama Bwana), na wanawake wawili wa ukoo. Kwa upande wetu tulikuwa mimi, Mama, na mjomba wangu Ta Laurenti, ambaye kazi yake ilikuwa kuwamiminia wageni lubisi, pombe yetu ya ndizi (kazi aliyoanza kuifanya yeye na koo lake tangu asubuhi). Majirani nao wakajaa uani, maana nani angekosa?

Wageni walipoingia sebuleni, mguu wa mwisho haukupata pa kukanyaga. Mama akaninong'oneza nitoe kabati moja nje. Nikalitoa upesi, nikaliweka barazani chini ya dirisha, na amplifaya nayo nikaitoa pamoja na betri na redio, nikapitisha waya dirishani kurudi kwa lile kabati lililobaki ndani. Waya zangu zote zilikuwa rangi moja. Nyuma ya amplifaya kuna matundu, moja la kutolea sauti na jingine la kuingizia, la kipaza sauti, nami nikachomeka kwa haraka ya mtu anayetazamwa na shangazi kupitia dirishani. Redio ikaimba nje vizuri sana. Ndani, kimya.

Hapo ndipo ningetengeneza. Lakini niliona aibu kuanza kuchokonoa nyaya mbele ya wakwe niliowaambia mimi ni fundi, nikasema moyoni, acha, waya umelegea, nitaurekebisha wakishaondoka. Na mwalimu wetu wa jioni alikuwa ametufundisha kwamba spika ukiichomeka kwenye tundu la kuingizia sauti, nayo inakuwa kipaza sauti, inasikia! Ilikuja kwenye mtihani. Nilipata.

Wageni wakala, wakatafuna punje za kahawa kama ilivyo desturi yetu, wakasifu ndizi za Mama. Ma Domitila aliinuka akaenda na Mama jikoni, wakakaa huko kitambo wanawake wawili, nami sikujua wanasema nini. Aliporudi akajifuta mikono, akatuambia kwa heshima zote:

"Waitu, jamaa zetu, tupisheni kidogo, tuongee sisi kwa sisi."

Ndiyo desturi, tukatoka wote, nao wakafunga dirisha. Nikazima redio ili wasisumbuliwe (adabu hiyo nilikuwa nayo), amplifaya nikaisahau ikiwaka. Tukasimama uani, kila mtu akijifanya anatazama mawingu.

Mara lile kabati la nje likakohoa.

Lilikohoa kikohozi cha Ta Protazi, cha mafua zaidi. Kisha likasema, "Hivi hili kabati ni la nini? Linachakarisha ndani kama kuna kuku anaatamia."

Majirani wakageuka. Kabati likaendelea, sasa kwa sauti ya Ma Domitila: "Ndiyo sauti yake ya sinema hiyo. Kijana ana mdomo! Umemsikia? Eti amesikika Uganda."

"Uganda wenyewe wana habari?" likauliza kwa sauti ya Ta Protazi.

Uani kicheko kikaanza, watu wakibana midomo kwa viganja. Mimi nikaelewa yote kwa mara moja, tundu, waya, swali la mtihani, yote. Kitufe cha kuzimia kilikuwa mbele ya kidole changu. Mzee Hemedi akanisogelea.

"Deo, zima."

"Nazima, mzee."

Kabati likasema, "Na yule mjomba wake! Kibuyu kimefika kwetu nusu, povu lote liko kwenye masharubu yake." Ta Laurenti akajifuta masharubu mbele ya watu wote, jirani mmoja mwanamke akakaa chini kwa kucheka, akimwita mama yake kwa Kihaya, mawe, mawe, nitakufa.

"Zima, mwanangu," Mzee Hemedi akarudia. "Hayo ni maneno ya watu."

"Ngoja kidogo tu, mzee. Bado hawajaamua."

Ndugu zangu, hilo ndilo neno. Ngoja kidogo tu. Nilikuwa nasubiri jibu la maisha yangu na jibu liko ndani ya kabati nililolitengeneza mwenyewe, nikajiona kama nimepewa zawadi. Na mle ndani Ma Domitila akashusha sauti. Akaanza kunong'ona, nje tukasikia fuu, fuu, fuu, hatuelewi kitu. Mimi nilidhani sasa ndiyo wanatoa lile neno. Mkono wangu huu, badala ya kuzima, ukazungusha kitufe cha sauti kwenda kulia.

Mnong'ono ukatoka umesimama wima kama mahubiri.

"...ameniambia jikoni, na ameniapisha nisimwambie mtu. Jicho lake la kushoto limekufa, halioni kabisa, na hili la kulia linafifia. Kijana wake hajui. Anamficha, anaogopa akijua atasema haoi, atabaki kumtunza. Ndiyo maana anaharakisha. Mimi nasema tuwape binti. Mama huyu ni mtu, na atahitaji mkono wa mtu."

Na Ta Protazi akajibu, "Basi tumpe."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amesimama katikati ya uwanja na sinia la vikombe, amekuja kuvikusanya, na watu wote, wote kabisa, walikuwa wanamtazama machoni, wanalitafuta lile jicho la kushoto. Yeye hakugeuza uso kwa yeyote. Akaokota kikombe kilichobaki, akakiweka juu ya sinia.

Nikanyoosha mkono kuzima, nimechelewa, maana sauti ilikuwa kubwa kiasi cha kuingia tena dirishani, ikajisikia yenyewe, na kabati likapiga mluzi, mluzi wa kupasua kichwa, mbwa wakaanza, watoto wakaanza, dirisha likafunguliwa na uso wa Ma Domitila ukatokea. Akalitazama kabati la nje. Akageuka akalitazama la ndani. Akaufuata waya kwa macho, taratibu, mpaka ukafika mkononi mwangu.

Nikang'oa waya.

Walitoka nje na vitambaa vyao vya kichwa vimeshafungwa. Nilipiga magoti, nikasema ni hitilafu ya mitambo, shangazi, ni tundu. Ma Domitila hakupandisha sauti.

"Ilipoanza, ulijua?"

Nikauzungusha waya kidoleni. Ta Laurenti, kwa kutaka kunisaidia, akasema, "Alijua kidogo tu."

"Mama yako ameniamini jikoni," akaniambia shangazi, "wewe ukanifanya mimi mtangazaji wake." Kisha akaenda kwa Mama, akamshika mabega, akasema, "Nisamehe, dada." Wakaondoka. Kwa hiyo mimi ni mwanaume aliyesikia kwa masikio yake amekubaliwa, na majirani mashahidi, halafu akawasindikiza wakwe mpaka barabarani bila mtu kumuaga.

Nikarudi. Nilimkuta Mama anaosha vikombe. Nikamwambia Mama, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Ningekuambia siku yangu." Akasuuza kikombe. "Ungezima tu, Deo."

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Ule uwanja Mama ameutembea miaka yote, mizizi yake anaijua kwa nyayo, lakini tangu siku ile jirani akimwona anatoka anakuja mbio kumshika mkono. "Pole pole, mama, kuna shimo." Hakuna shimo. Mama anashukuru, anaacha mkono wake ushikwe, halafu akiingia ndani anafunga mlango na kukaa kitandani. Makabati yangu niliyavunja nikayafanya kuni, na hata kuni zile Mama hakuzipikia, alisema zina moshi.

Tulikwenda Ngenge kuomba radhi, mimi na yeye. Ma Domitila alimpokea Mama kapu, akamwambia, "Ingia, dada yangu," na mimi akanionyesha kigogo nje ya mlango, akafunga mlango. Nilikaa kwenye kile kigogo kwa muda kidogo tu, nikasikia sauti zinaanza ndani, nikainuka. Nikavuka migomba, nikavuka kahawa, nikaenda mpaka nilipobaki na mbuzi mmoja ambaye naye aliniondokea. Nikakaa huko mpaka Mama akaja kuniita.

Njiani akaniambia wamekataa.

"Wote?"

"Wazee walikuwa wanalegea. Aliyekataa ni Koku mwenyewe. Amesema mume mwenye kelele angemvumilia, lakini aliyeambiwa azime akaongeza sauti, huyo hapana."

Tukatembea. Baadaye nikauliza, "Na mengine, Mama? Mmekaa muda wote ule mnasema nini?"

Akasimama, akanigeuzia uso wote ili anione vizuri.

"Mengine tuliyasemea ndani."

Basi tangu siku hiyo, nikiwa mahali wazee wakasema tupisheni kidogo, mimi sisimami uani. Naondoka hasa, naenda mpaka nisikie upepo peke yake, na nikiona bado nasikia hata kikohozi naongeza mwendo. Juzi kwenye kikao cha ukoo nilikwenda mbali hivyo, wakasahau kutuma mtu kuniita, nikarudi nikakuta wameshaamua, wameshakula, na wameshatawanyika. Nikala ukoko. Sikumwuliza mtu waliamua nini.