Bakuli la Mama Olena

Enzi zetu pale Lower West Side, mtaa wetu wa wahamiaji ughaibuni, Jumamosi ya kiangazi ilikuwa ya mtoni, na hakuna aliyekuuliza kama unataka kwenda. Mama alibeba sufuria ya sombe, kisamvu chetu, Baba akabeba Biblia na kiti chake cha kukunja, sisi watoto tukabeba dunia iliyobaki. Leo mwanangu akibeba chaja anasema mgongo unamuuma.

Ukingoni mwa mto Niagara tulikaa karibu na jirani yetu Mama Olena, bibi wa Kiukreni. Siku ya kwanza alitupatia bakuli la bati lenye maua, ndani borshi, supu yao ya bitiruti, nyekundu kupindukia. Mama akaamini ni damu. Alifumba macho akaikemea kwa jina la Yesu, kwa sauti ya mkesha. Mama Olena, akidhani ndiyo sala ya chakula, akainamisha kichwa na kuitikia amina. Baba, mtu wa ng'ombe wa milimani, alikuwa ameshaona maziwa ya mgando yakielea juu ya supu.

“Mutu mwenye kujua maziwa hivi hawezi kuwa mubaya,” akasema, mdomo umejaa.

Tatizo likawa bakuli. “Bakuli ya mutu hairudiake bule,” Mama alisema, akalijaza sombe. Kumbe na kwao Ukreni ni hivyo hivyo. Likarudi na vareniki, vile vitumbua vyao vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Tukarudisha sambusa. Miaka ikapita, hakuna aliyekubali kushindwa, nasi tukanenepa kwa ajili ya wanawake wawili wasioelewana hata neno.

Kisha mwanawe Mama Olena akamhamishia mji wa Columbus ghafla, bakuli likiwa kwetu. Mama alikosa amani kama mtu aliyetoroka na sadaka.

Mwaka jana nikampeleka Mama huko, na bakuli limejaa sombe. Tulimkuta Mama Olena kando ya mto wa huko, kwenye kiti cha magurudumu, kumbukumbu zimemtoka. Hakutujua. Alikula sombe yote, akafuta bakuli kwa leso, kisha akaanza kupapasa mifuko yake kwa wasiwasi. Akapata biskuti moja iliyovunjika. Akaiweka ndani, akampa Mama.

Mama alilia mpaka tukafika kwenye gari. “Bon, haya,” akasema, akijifuta, “sasa ni zamu yetu tena.”

Wanangu huagiza chakula kwa simu, kikaja kwenye maboksi, wakala, wakatupa. Nawaonea huruma. Hakuna mtu popote anayewangoja warudishe bakuli.