Ngamia Tisa Nje ya Hema Letu

Nilifungua zipu ya hema alfajiri kutafuta hewa, nikakutana na pua ya ngamia.

Ningenyoosha mkono ningeigusa.

Nyuma yake alikuwepo mwingine, na nyuma ya huyo mwingine tena. Nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Tisa. Walikuwa wamelizunguka hema letu, wanatafuna, wametulia kabisa kama wamefika kwao.

Mchungaji hakuna. Moto wa mchungaji hakuna. Sauti ya mtu hakuna.

"Ekitela, amka."

"Chai tayari?"

"Tuna ngamia."

"Sawa. Mimi niwekee sukari mbili," akasema, akavuta blanketi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa kwa nini asubuhi hiyo hiyo mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya bunduki.

Naitwa Nakuam. Nafanya kazi ya maabara Isiolo mjini. Ekitela ni mume wangu, mwalimu wa jiografia. Tunaishi Kiwanjani, vyumba viwili, paa la mabati, televisheni hatuna. Jioni tunapikia nje, tunatandika mkeka, tunabishana na redio.

Dada yangu Joy akija hutuangalia kwa huruma. "Nyinyi hamboeki kweli?"

Hatuboeki. Tuna hema.

Likizo ikifika tunalifunga nyuma ya pikipiki pamoja na sufuria, unga, majani ya chai na mtungi wa maji, tunaondoka. Mtaa mzima unatuita "wale wa kulala msituni". Tumezoea.

Safari hiyo tulielekea Kulamawe. Pikipiki tuliiacha dukani kwa Abiba, mama tunayemjua siku nyingi.

"Salaam aleikum, Nakuam. Mmekuja tena kulala na fisi?"

"Aleikum salaam. Afadhali fisi, Abiba. Majirani zangu wanapiga muziki mpaka asubuhi."

Alicheka, tukabeba mizigo, tukaingia porini kwa miguu.

Tulikuwa tunafuata laga, yaani mto mkavu wenye mchanga mweupe, wakati Ekitela aliinama chini ya kichaka akatoka na kitu mkononi. Kengele ya ngamia. Si ya chuma, ni ile ya mti, iliyochongwa kama bakuli lililofunikwa, na vipande viwili vya mti ndani vinavyogongana. Kazi nzuri ya mkono.

"Ona hii, Nakuam. Mtu ameiangusha."

Ekitela ana tabia moja: akiona jiwe geni anaacha njia bila kusema. Kwa hiyo nilichukua ile kengele nikaifunga kwenye mkoba wake.

"Sasa ukipotea nitakusikia."

Basi tukaenda hivyo. Kok, kok, kok, mgongoni kwa mwalimu, kwenye kingo za laga, mpaka jua likashuka. Tukapiga hema mahali palipoinuka kidogo. Kengele nikaitundika kwenye tawi la mgunga. Upepo ukawa unaitikisa. Tulikuwa tumechoka, tukalala fofofo.

Sasa turudi kwenye pua ya ngamia.

Ekitela hatimaye alitoka, akaona, akafurahi. Kweli alifurahi. "Aisee! Karibuni chai!"

Mimi sikufurahi. Nilikuwa naangalia shingo ya yule jike mkubwa aliyekuwa mbele. Manyoya yalikuwa yamelika kuzunguka shingo, kama mahali palipokaa kamba kwa miaka. Kamba haikuwepo.

Nikainua macho kwenye tawi.

Ngamia wa mbele huvaa kengele, wengine hufuata mlio. Mtoto yeyote wa Isiolo anajua hilo. Nilikuwa nalijua wakati naifunga kwenye mkoba. Ila nilidhani ni kengele isiyo na ngamia.

"Eki, hawa wametufuata sisi. Tumewachukua ngamia wa watu."

Uso wake ukabadilika.

Niwaambie mambo yalivyokuwa. Majina yetu yanasema sisi ni Waturkana. Chapa kwenye ngamia zilisema mwenyewe ni Mborana. Msimu huo mifugo ilikuwa inaibwa pande zote, na sitaingia kwenye habari ya nani alianza. Mturkana kukutwa na ngamia tisa wa Mborana porini, hapo hakuna kesi. Hukumu inatoka kabla ya kesi.

"Tufunge hema twende," Ekitela akasema.

"Twende wapi? Nyayo zinatoka laga mpaka hapa. Zikionyesha tumekimbia, tumeisha."

"Simu?"

"Hakuna mtandao."

Tukaamua kukaa. Niliwasha moto, nikachemsha chai, tukaketi pale wazi ambapo mtu angetuona kutoka mbali, mikono juu ya magoti. Chai ile sikumbuki kama tuliinywa.

Walikuja wanne. Hawakuja kwa kelele. Niliona kwanza ngamia wakigeuza vichwa, kisha wanaume, wametawanyika, watatu wana bunduki.

Mwenye ngamia nilimtambua kwa jinsi yule jike alivyomwendea. Mzee mwembamba, shuka kiunoni, koti la suti juu. Baadaye nilijua anaitwa Jattani.

"Salaam aleikum, mzee," nikasema.

Hakuitikia. Kwa mtu wa huku, kunyimwa jibu la salamu ni kuambiwa kila kitu.

"Simameni. Mikono nione."

Tukasimama.

"Nyinyi watu ya wapi?"

"Kiwanjani. Pikipiki yetu iko kwa Abiba, Kulamawe."

"Abiba anajua watu mingi." Akaelekeza bunduki kwenye tawi. "Nani amechukua hii kengele?"

Nilifungua mdomo.

"Mimi," Ekitela akasema. "Mimi niliiokota, mimi nikaifunga. Huyu hata hakujua."

Nikamgeukia. Alinikanyaga mguu.

"Piga magoti," Jattani akamwambia.

Alipiga magoti. Kijana mmoja mwenye bunduki, mpwa wa mzee, anaitwa Guracha, akasimama nyuma yake. Mdomo wa bunduki ukawa karibu na sikio la mume wangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuongea Kiborana. Nimekulia uani na watoto wa Kiborana, lugha ninayo.

"Mzee, hasira yako ni halali. Naomba jambo moja tu. Tuma mtu akaangalie nyayo. Mwizi huswaga kutoka nyuma, nyayo zake zinakanyaga za ngamia. Sisi tulitangulia. Utakuta ngamia ndio wamekanyaga viatu vyetu."

Kisha akamwashiria Guracha.

Guracha akaenda kuelekea laga, mwingine akachukua nafasi yake nyuma ya Ekitela. Nilijiambia tumepona. Hoja yangu ilikuwa nzuri na nilijua ni ya kweli.

Guracha akarudi. Akaongea na mzee bila kunitazama, na kwa vile nilikuwa nasikia kila neno, nilielewa kabla ya uso wa mzee kukunjamana.

"Ni kweli, viatu viko chini ya nyayo za ngamia. Lakini juu ya hizo za ngamia kuna nyayo za watu wengine. Watatu. Akala."

Akala ni vile viatu vya tairi. Sisi tulikuwa na buti.

"Kumbe hamko wawili," Jattani akasema.

"Tuko wawili."

"Mmoja anatangulia na kengele, wengine wanaswaga nyuma. Akili nzuri. Hawa watatu wako wapi?"

Nikasikia bunduki ikikokiwa.

Ule ushahidi nilioutaka mwenyewe sasa ulikuwa unamuua mume wangu. Kubuni jibu kungekuwa upumbavu.

"Sijui," nikasema. "Wallahi sijui, ingawa mimi ni Mkristo. Lakini hebu angalia, mzee. Hema ni la watu wawili. Vikombe viwili. Kama ni wenzetu, walilala wapi? Fuateni akala zao muone zinaishia wapi. Sisi hatuendi popote."

"Mwanamke anaongea sana," mmoja akanung'unika.

"Mwache," Jattani akasema. "Guracha, fuata."

Ekitela alikuwa anaangalia mchanga. Jasho lilikuwa linamtiririka puani na hakuthubutu kulifuta. Niliogopa sauti yoyote ingemshtua mwenye bunduki.

Kisha Guracha akapiga kelele kutoka nyuma ya kichuguu. Hakikuwa mbali. Ningerusha jiwe lingefika.

Tulipelekwa wote tukaone. Nyuma ya kichuguu nyasi zilikuwa zimelala, sehemu tatu, sambamba. Watu walikuwa wamelala kifudifudi pale, nyuso zao zikielekea hema letu. Vijiti vya miraa vilikuwa vimetapakaa, bado vibichi. Kutoka hapo akala zilielekea milimani, hatua ndefu, ncha za mbele zimechimba mchanga. Walikuwa wanakimbia.

Jattani akarudi kwenye mti, akashusha kengele, akageuza kamba yake kwenye mwanga.

"Hii haikukatika," akasema. "Imekatwa na kisu."

Akakaa kwenye jiwe tulilokuwa tumelikalia, kando ya moto wetu. Halafu, polepole, akaanza kucheka.

"Walikata kengele wakaficha, ngamia itembee kimya. Wakangoja giza huko laga. Halafu mwalimu akapita na kengele yangu mgongoni kama ngamia jike." Alipangusa macho. "Giza ikaingia, ngamia yangu ikafuata mlio. Wezi wakabaki na mchanga."

Guracha akamnyanyua Ekitela kwa mkono. "Mwalimu, wewe umeiba kwa wezi. Hiyo mimi sijawahi kusikia."

Walicheka wote. Ekitela pia.

Mimi nilikuwa na swali. "Kwa nini hawakutuua wachukue ngamia?"

Jattani akaangalia hema letu. Ni la kijani kibichi, rangi ya jeshi, maana sokoni siku hiyo lilikuwepo hilo tu.

"Walifikiri nyinyi ni askari," akasema. "Nani mwingine analala porini na nyumba anayo?"

Walitukamulia maziwa, wakatusindikiza hadi Kulamawe. Njiani hakuna aliyeimba wala kupiga mluzi. Watu watatu walikuwa bado mahali fulani kwenye ile milima.

Nyumbani, Ekitela akisugua sufuria kwa majivu kama kawaida, nilimuuliza.

"Kwa nini ulisema ni wewe uliyefunga kengele?"

"Wewe unajua Kiborana, mimi sijui. Kama wangempiga risasi mmoja, alitakiwa abaki anayeweza kuwaeleza." Akaimwagia sufuria maji. "Ilikuwa hesabu rahisi."

Alisema hivyo kama mtu anayepanga ratiba ya vipindi.

Kwa hiyo wanaopenda pori kama sisi, nendeni, msiogope. Ila kitu cha mfugaji ukikikuta kichakani, kiache hapo hapo ukaulize watu wa karibu. Hujui kimeanguka au kimefichwa.

Na wewe unayetaka kuolewa, usipoteze muda kumuuliza mtu anakupenda kiasi gani. Hata yeye mwenyewe hajui. Ngoja siku swali zito litakapoulizwa mbele yenu wawili, usikilize nani anajibu kwanza.